Tangulia Wewe, Bwana Turaj

Mdomo wangu ndio ulioniponza, sitamsingizia mtu. Ilikuwa Jumanne jioni, mimi na mwanangu Kiumars tumekaa sebuleni kwa Bwana Turaj, vigilasi vya chai mbele yetu, na swali lenyewe lilikuwa jepesi kabisa: Ijumaa ile familia zetu mbili ziende mlima gani kuteleza kwenye theluji?

Kiumars alitaka kumwoa Ladan, binti wa nyumba ile. Tulikuwa bado hatujaenda rasmi na maua na peremende kuomba. Bwana Turaj alikuwa ametuma neno kwamba kwanza twende wote mlimani siku moja, tujuane, kwa sababu mlimani mtu hawezi kuficha tabia. Maana yake niliielewa. Tukionekana tunafaa, tutakaribishwa na maua yetu. Tusipofaa, tutapewa udhuru mtamu mtamu, leo shangazi anaumwa, kesho wana wageni, mpaka mwanangu aote mvi. Na mimi yule binti nilikuwa nimeshampenda. Tangu baba yake Kiumars afariki, sikuwa nimemsikia kijana wangu akicheka peke yake jikoni, na sasa alikuwa anacheka.

Mimi ni fundi cherehani wa Nazi Abad, kusini mwa Tehran. Habari zangu na ski, zile mbao za kutelezea, ziliishia kwenye zipu: marafiki wa Kiumars huniletea suruali zao za theluji zilizopasuka, nazishona. Mwenyewe Kiumars alianza akiwa na miaka kumi na sita, kubeba viatu vya kukodisha kule Tochal, na wateja wakishaondoka anajifunza kwa vifaa vyao. Sasa Ijumaa anafundisha watoto wa watu, siku nyingine anatengeneza mafriji. Huko mlimani ndiko alikomkuta Ladan na ski iliyokatika, akamtengenezea.

Basi, sebuleni. Bibi Farangis, mama yake Ladan, ndiye aliyeanza, na laiti tungemsikiliza.

"Mimi nasema Dizin. Pale kila mtu ana pake. Anayejua ana mteremko wake, anayejifunza ana wake, na mvivu kama mimi anapanda na kibanda kinachoning'inia kwenye waya, anaota jua, anashuka nacho."

"Lakini mama, tiketi ya Dizin siku ya Ijumaa..." Ladan alianza, halafu akaona jicho la mama yake.

Sote tukatazama chai. Nilihisi masikio yanaungua. Tiketi ile ilikuwa ghali kwa nani, kama si kwetu?

Ndipo Bwana Turaj aliposema kwa sauti ya upole, "Au twende Abali? Ni karibu, mteremko wake wa taratibu, bei zake za kibinadamu. Mtu hajiumizi Abali."

Alisema hivyo macho yameinama chini. Na huko chini kulikuwa na miguu ya mwanangu, viatu vimebaki mlangoni, na soksi nilizozitia kiraka kisigino kwa mkono wangu mwenyewe. Kiraka kizuri, nyuzi zilezile, lakini jicho la tajiri halikosi kitu.

Nikajipalia makaa. "Abali? Bwana Turaj, Abali si pa watoto? Sisi tumezoea Shemshak."

Kiumars alipaliwa na chai.

Shemshak nilikuwa nalijua jina tu. Nilijua kwamba mwanangu akilitaja hupunguza sauti, na kwamba hata wanaojua huko hufikiri mara mbili. Lakini sikulitaja ili twende! Kwetu jambo la maana halikubaliwi kabla ya mara ya tatu. Hesabu yangu ilikuwa kwamba yeye atakataa, nami nitashikilia, yeye atakataa tena, mwisho tutakutana katikati, Dizin, kila mtu na heshima yake. Badala yake Bwana Turaj aliweka gilasi chini. Uso ulimpauka kidogo, nikadhani ni dharau.

"Shemshak," akasema. "Naitikia kwa macho yangu yote mawili. Mgeni akishataja, mimi ni nani?"

Alikubali papo hapo, mara ya kwanza! Mwanamume gani huyu, nilijiuliza, mzaliwa wa Tehran hii hii, asiyejua kukataa?

Kwenye basi la kurudi nyumbani Kiumars alinigeukia baada ya vituo vitatu.

"Mama, umezoea Shemshak?"

"Nyamaza."

"Mara ya mwisho wewe kuteleza ilikuwa bafuni, ulikanyaga sabuni."

"Nimesema nyamaza. Hukuona alivyozitazama soksi zako?"

"Soksi?" Akainua mguu, akaiangalia. "Mama, soksi zina nini? Hebu nimpigie Ladan nimwambie ukweli, tubadilishe."

"Ukimpigia, mimi si mama yako."

Alicheka, lakini hakupiga. Nilimwona akiuma kucha, tabia aliyoiacha tangu darasa la nne. Akaniambia basi nikifika nidai mgongo unauma, nikae chini na Bibi Farangis ninywe supu. Nikasema mgongo nitaudai.

Ijumaa ikafika. Suruali nilikuwa nimekodi, ski nimekodi, viatu nimekodi. Waliosema nguo ya kuazima haisitiri maungo walijua: mshono wa pajani ulikuwa umefumuka na ilinibidi niurudie kabla ya kutoka nyumbani. Tulipanda na gari la mpwa wangu, maana lifti ya Bwana Turaj nilikuwa nimeikataa mara tatu. Njia nzima nilisali barabara iwe imefungwa. Haikuwa imefungwa. Jua lilikuwa linawaka, anga safi, na mlima wa Shemshak umesimama wima mbele yangu. Sijapata kuona watu wanaolipa pesa ili waanguke.

Bibi Farangis alikuwa ameshakaa barazani, kwenye mgahawa wa chini, blanketi magotini. Nikamwendea nikijishika kiuno.

"Dada, mgongo wangu leo umeamka vibaya. Nitakaa nawe."

"Haiwezekani!" Akanishika mikono yote miwili. "Nikuzuie wewe, uliyezoea? Nitakufa kwa aibu."

"Sinyanyuki hapa, dada."

"Unakaa kwa ajili yangu tu, nakujua. Nenda!"

"Wallahi mgongo..."

"Nenda, Bibi Nosrat, la sivyo na mimi narudi nyumbani," akasema, na machozi yalishaanza kumlengalenga. Hiyo ilikuwa mara ya tatu, na sheria ni sheria. Nikaenda.

Kiumars alinifunga ski miguuni huku amepiga magoti, akininong'oneza, "Waache wote wapande, kisha rudi kimyakimya. Nitasema nimekuona juu." Halafu yeye na Ladan wakakaa kwenye kiti kimoja kinachovutwa na waya wakaondoka, miguu inaning'inia. Aligeuka kunitazama mpaka akawa mdogo. Siku ya kwanza nilipompeleka shule, mimi ndiye niliyegeuka vile.

Tukabaki mimi na Bwana Turaj kwenye mstari wa kupandia. Alikuwa amevaa koti jekundu la zamani, mishono ya mkono, kazi ya fundi hasa. Nilichotaka ni kitu kimoja tu: apande, aende, anipishe.

"Tangulia wewe, Bibi Nosrat."

"Haiwezekani. Tangulia wewe, Bwana Turaj."

"Mgeni mbele."

"Mkubwa mbele."

"Kama mimi ni mkubwa, basi naamuru utangulie."

"Nikikupa mgongo nitakuwa nimekukosea adabu."

"Ua halina mgongo, Bibi Nosrat. Tafadhali."

Kiti kimoja kikapita kitupu. Kikapita cha pili. Vijana waliokuwa nyuma yetu wakaanza, "Wazee, malizaneni! Theluji inayeyuka!" Sikujiuliza kwa nini na yeye anang'ang'ania vile. Nilidhani ni malezi. Tulikuwa bado tunanyoosheana mikono, tafadhali, tafadhali, wakati kiti cha tatu kilipotupiga nyuma ya magoti, kikatuzoa wote wawili. Watu huweza kungojana. Viti vile havingoji.

Niliweka mkoba wangu katikati yetu, maana si maharimu wangu, nikafumba macho.

"Hali ya hewa ni nzuri," akasema Bwana Turaj.

"Mashallah," nikajibu.

Nilipofumbua jicho moja niliona amekishika kile chuma cha mbele mpaka vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe. Nikafikiri ni baridi.

Juu, mzee mmoja wa sharubu zilizoganda, mtunza viti, alisimamisha mashine akanishusha kwa kunikumbatia kama gunia. Mbele yangu ardhi iliishia. Kweli, iliishia: palikuwa na ukingo wa theluji, na baada ya ukingo, hewa. Mbali huko chini niliona vidoti viwili, kimoja cha bluu na kimoja cha njano. Kiumars na Ladan walishashuka, wanatupungia mikono.

"Tangulia wewe, Bibi Nosrat," akasema Bwana Turaj.

"Tangulia wewe."

"Wewe ndiye uliyezoea."

"Wewe ndiye mwenyeji."

Tulisimama pale muda mrefu. Mzee wa sharubu akatoa kichwa kwenye kibanda chake. "Nipo hapa miaka ishirini na mitano," akasema, "watu wanagombania kushuka wa kwanza. Nyinyi ni wa kwanza kugombania kushuka wa mwisho."

Bwana Turaj akakaa chini. Hakuanguka, alikaa, kwenye theluji, mtu mzima na koti lake zuri, akaanza kufungua ski zake.

"Nenda, Bibi Nosrat. Mimi siwezi."

Akaniambia bila kunitazama. Mwaka jana, pale pale, alianguka. Goti lilivunjika, akalala masaa mawili theluji inamfunika kabla hawajampata. Goti wakaliwekea vyuma, madaktari wanasema limepona.

"Goti limepona, mimi sijapona," akasema. "Usingizini naanguka kila siku. Nyumbani hawajui. Ladan nilimfundisha mwenyewe hapa, akiwa hivi." Akaonyesha urefu wa mtoto. "Anadhani baba yake haogopi kitu. Nimeshindwa kumvunja moyo."

Nilikasirika, nakiri. "Sasa kwa nini ulikubali Shemshak?"

"Mgeni ametaja! Ningesemaje? Mimi nilisema Abali. Nilikuwa nayatazama magoti yangu, naomba Mungu uitikie. Ukaniambia umezoea Shemshak."

"Magoti yako?"

"Magoti yangu."

"Hukuwa unatazama soksi za mwanangu?"

"Soksi gani?"

Nami nikakaa, na kwa kuwa zile ski zilikuwa bado miguuni, nilikaa vibaya, mguu mmoja mashariki na mwingine magharibi. Nikacheka. Kisha nikajikuta nalia, kwa sababu siku tatu nzima nilikuwa nimemchukia mtu huyu bure, na yeye siku tatu nzima alikuwa anatetemeka kwa ajili ya neno langu.

"Bwana Turaj, mimi sijui kuteleza."

"Hujui Shemshak?"

"Sijui popote. Abali yenyewe sijafika. Hivi vitu hata kuvivua sijui."

Akatambaa kwa magoti, moja la chuma, akanifungua ski, moja, halafu nyingine, kwa uangalifu, na hakusema neno la adabu hata moja.

Mzee wa sharubu akatupandisha kwenye kiti cha kushukia. Asiyewahi kushuka na kiti Ijumaa ya jua hajui fedheha. Unashuka uso kwa uso na watu wote wanaopanda, kiti baada ya kiti, na kila kiti kina ulimi. "Mama, mlima unashukwa upande ule!" "Baba, umeacha pasi inawaka nyumbani?" "Waacheni, wako fungate!" Bwana Turaj akajifunika uso kwa skafu. Mkoba wangu safari hii niliuweka mapajani.

Ndipo nikamwona Kiumars. Yeye na Ladan walikuwa wamepanda tena, wanakuja kwenye waya wa pili, viti kumi kutoka kwetu.

"Watauliza," Bwana Turaj akanong'ona ndani ya skafu. "Niseme mgongo wako ulikuuma nikakusindikiza? Sote tutapona."

Lilikuwa pendekezo zuri. Mgongo ulishatajwa, Bibi Farangis ni shahidi. Lakini niliona mbele: kila baridi Shemshak, kila baridi mgongo, na mwanangu amekaa kati ya nyumba mbili akilinda uongo wa mama yake na kuuma kucha. Na kama nyumba hii isingemtaka mtoto wa mama asiyejua ski, heri tujue leo kuliko baada ya harusi. Mficha uchi hazai.

"Mama!" Kiumars alishaanza kupiga kelele. "Mama, umeumia?"

"Sijaumia!" nikapiga kelele na mimi, bonde zima likaitikia. "Sijui kuteleza! Sijawahi maisha yangu yote! Shemshak naiona leo! Na suruali ni ya kukodi!"

Ladan aliziba mdomo kwa mkono. Nilimtazama yeye tu, si mwanangu, nikingoja uso wake ubadilike. Ulibadilika, lakini hakuwa ananitazama mimi. Kando yangu skafu ilikuwa imeshuka.

"Na mimi naogopa!" akaita Bwana Turaj. Sauti ilimpasuka. "Ladan! Baba yako anaogopa, mwanangu! Tangu siku ile!"

Viti vyetu vilikuwa sambamba wakati huo, tungeweza karibu kugusana. Ladan alinyoosha mkono, haukufika. Akageuka kwenye kiti chake, akainuka nusu, kinampeleka juu huku anatutazama sisi tunaoshuka.

"Baba, kwa nini hukuniambia? Baba! Ningekaa nawe chini!"

"Ladan, kaa!" nikasikia Kiumars akisema. Kisha akatuita sisi: "Mama, shikilia chuma! Mkifika msiruke, ngojeni wawasimamishie!"

Bwana Turaj alilia mpaka chini, waziwazi, na hakuna kiti hata kimoja kilichotutania tena.

Bibi Farangis alikuja mbio na blanketi lake. Alipomaliza kusikiliza, alimshika mumewe mashavu, akamtazama sana. Halafu akatugeukia wote wawili. "Nilisema Dizin," akasema. "Si nilisema Dizin?"

Tulinunua bitiruti za moto, tukala tumesimama, midomo myekundu kama ya watoto. Ladan alishuka kwa ski, kwa kasi ya ajabu, akazitupa, akamkumbatia baba yake. Kiumars alisimama pembeni yangu. Nilimwomba msamaha kwa ile Jumanne. Akaniambia nisimfanye alie mbele ya mkwe.

"Mkwe gani?" nikamwuliza kwa uchungu. "Bado hatujaitwa na maua."

Bwana Turaj alisikia. Alijifuta uso kwa skafu ile ile. "Bibi Nosrat, njooni na maua Alhamisi."

Kwa mazoea, mdomo ukafunguka kusema tusingependa kuwasumbua. Aliinua kidole.

"Mara ya kwanza," akasema. "Jibu mara ya kwanza. Siwezi tena zile nyingine."

"Tutakuja," nikasema.

Na tulienda. Na siku ya pili yake, Ijumaa, tulikwenda Abali sote, Bibi Farangis analalamika njia nzima kwamba tungekwenda Dizin. Kiumars alituweka mimi na Bwana Turaj kwenye kilima cha watoto wa chekechea, akatuamuru tukunje magoti. Nilikwenda hatua tano, nikaanguka. Bwana Turaj alikuja taratibu kunisaidia, anatetemeka lakini anakuja, akanipa mkono, nikaushika, tukaanguka wote wawili. Mtoto mmoja wa miaka kama mitano alitupita akitucheka.

Kisha kivuli kikatufunika. Ladan alikuwa ameinama juu yangu, ameshamwinua baba yake, mkono mwingine ameninyooshea mimi.

"Mama, nipe mkono," akasema. Siku zote alikuwa akiniita Bibi Nosrat.

Nikampa mkono papo hapo, mara ya kwanza.